Chaja ya gari nyumbani ikigoma: anza na luku, maliza na fundi

Mfanyabiashara aliyeagiza gari la umeme lililotumika kutoka Japani huona kuwa gharama kubwa imekwisha pindi gari linapotoka bandarini Dar es Salaam. Asubuhi moja anakuta gari halikuchaji. Fundi anaitwa, anatazama taa nyekundu, anasema chaja imekufa na inunuliwe nyingine. Fedha zinatoka, chaja mpya inafungwa, nayo inagoma vilevile, kwa sababu kilichoharibika ni soketi ya ukutani. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kutafuta tatizo kwa utaratibu kabla ya kufungua pochi.

KISANDUKU SI CHAJA

Kisanduku kilichoko ukutani, au kile cha katikati ya waya, kwa kweli ni swichi yenye ulinzi. Chaja yenyewe, inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa umeme wa betri, imo ndani ya gari. Kisanduku hupeleka kwenye gari ishara ndogo ya volti 12. Plagi ikiingia barabara, ishara hushuka hadi volti 9, na gari likiwa tayari hushuka hadi volti 6. Hapo mlio mdogo wa swichi husikika na umeme huanza kupita.

Kwa hiyo tatizo linaweza kuwa katika sehemu tatu: umeme wa nyumba, kisanduku na waya wake, au gari. Njia rahisi ya kutenganisha ni kubadilishana. Waya huohuo ukifanya kazi kwa jirani mwenye nyaya nzuri, tatizo liko nyumbani kwako. Ukigoma kwa jirani, lakini gari likapokea umeme kwa waya mwingine, basi waya wako ndio wenye kasoro.

HATUA YA KWANZA: YASIYO NA GHARAMA

Tazama luku. Gari likihitaji uniti 20 na mita ina 12, umeme utakatika usiku wa manane na lawama zitaipata chaja bure. Tazama breka kwenye mein switchi. Kisha tazama saa ya gari: magari kama Nissan Leaf huweza kupangiwa muda wa kuanza kuchaji, na gari lililopangiwa na mwenye mali wa awali litakaa kimya hadi saa hiyo ifike.

TAA NYEKUNDU NA SUALA LA ETHI

Visanduku vingi hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme. Ndiyo maana soketi inayowasha pasi na televisheni bila shida yoyote inaweza kukataliwa na chaja. Kagua nondo ya ethi iliyochimbiwa nje: kibano chake huota kutu, hasa maeneo ya pwani, na udongo ukikauka wakati wa kiangazi ethi hudhoofika. Fundi apime kwa kipimo cha ethi, kukisia hakutoshi.

Hapa pana hatari kubwa. Wapo wanaomaliza kero hii kwa kuunganisha waya wa ethi na nyutro ndani ya soketi. Taa itageuka kijani na gari litachaji. Lakini siku nyutro itakapokatika, bodi ya gari inaweza kuwa na umeme wa volti 230, na mtoto atakayegusa mlango ndiye atakayelipa. Fundi anayependekeza njia hiyo asipewe kazi.

BREKA INAYOKATA

Angalia inakata lini. Ikikata papo hapo, kuna shoti au umeme unavuja; kagua kama maji yameingia kwenye plagi. Ikikata baada ya muda, mzigo umezidi. Gari linalovuta kilowati 3 huchukua ampea 13 hivi. Jiko la umeme la wati 3,000 likiwa kwenye laini hiyohiyo, jumla ni ampea 26. Breka ya ampea 16 itavumilia kidogo kisha itakata, na ni haki yake. Dawa ni laini ya peke yake kwa ajili ya gari, yenye waya na breka zinazolingana. Kuweka breka kubwa juu ya waya mwembamba ni kuikaribisha moto nyumba.

PLAGI YA MOTO

Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi kwa nje. Uvuguvugu ni wa kawaida. Joto la kuunguza mkono au plastiki iliyobadilika rangi ni onyo: zima mara moja. Waya za Japani zahitaji uangalifu zaidi. Nchi hiyo hutumia volti 100, na 200 kwa vifaa vikubwa, na waya wa volti 200 waweza kuvuta ampea 15. Mafundi hukata plagi yake na kufunga ya ampea 13, ambayo sasa inabeba kuliko uwezo wake usiku kucha. Soma kibandiko cha kisanduku: kama hakiruhusu volti 230, kisichomekwe. Ekstensheni pia isitumike.

HESABU YA HASARA

Chaja ikichaji polepole au kukatakata jioni, pima volti mara mbili wakati inachaji: kwenye mein switchi na kwenye soketi. Zote zikiwa chini sana, toa taarifa TANESCO. Lakini mein ikisoma 225 na soketi 205, volti 20 zinapotea ndani ya nyumba. Kwa ampea 13, hizo ni wati 260 zinazopasha ukuta joto. Kwa saa nane ni uniti 2 kila usiku. Kwa bei ya Sh 292 kwa uniti iliyotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi, hasara ni takriban Sh 600 kwa usiku, au Sh 18,000 kwa mwezi. Fedha hizo zingegharimia sehemu ya waya mnene.

KUMBUKUMBU

Msomaji anashauriwa kuweka daftari dogo: tarehe, uniti kabla na baada ya kuchaji, saa zilizotumika, na rangi ya taa tatizo linapotokea. Fundi akija, apewe daftari hilo kwanza. Asifungue kisanduku kikiwa na umeme, na asibadilishe kitu kabla ya kuonyesha kipimo kinachothibitisha kuwa ni kibovu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na umeme nao ni mali.