Panya wa Stoo ya Uani: Kijitabu cha Kaya za Viwanja Sitini

Fungua banda lililo nyuma ya nyumba yako, hilo unaloliita stoo au karakana. Ndani kuna viroba vya mpunga, pumba za kuku, na vitu ambavyo baba mwenye nyumba amekataa kuvitupa: tangi la pikipiki iliyokufa, vipande vya mbao, godoro lililochanika, makopo ya rangi. Panya anakula kwenye viroba, lakini anazaa kwenye vile vitu vya baba. Anachokitafuta hasa ni mahali ambapo hakuna mtu wa kumsumbua.

Hapa Ifakara msimu wake unajulikana. Mpunga ukishavunwa na mashamba kubaki mabua matupu, panya shamba hufuata chakula kilikoelekea, yaani kwako. Masika nayo, mto Lumemo ukijaa na maji kusambaa, mashimo hufurika na wenye mashimo hukimbilia sakafu iliyo juu. Panya shamba ndiye ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi. Jike lake lina chuchu hadi 24, hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Ukimwona mmoja akikatiza mchana, hesabu kwamba umechelewa.

Mwenzake ni panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Huyo hupanda ukuta, kamba, hata mnazi. Wote wawili wana meno ya mbele yasiyoacha kukua, kwa hiyo ni lazima watafune kitu, na waya wa umeme wa mashine yako ya randa hauna tofauti na kijiti kwao. Fundi ambaye mashine yake imegoma ghafla akague waya kwanza kabla ya kulaumu umeme.

Mkojo wake

Hasara ya mpunga unaiona. Usiyoiona ni mkojo, maana panya hudondosha mkojo kila anapopita. Humo hutoka vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza Julai 2022 ulipozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na kuua watu. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za kwetu, na jina hilo linafaa: vimelea hivi hufa vikikauka, lakini kwenye maji na tope huweza kuishi kwa wiki kadhaa, vikisubiri mguu wenye mchubuko. Mkulima wa mpunga anasimama humo kutwa. Mwenye stoo iliyoingiwa na maji naye anasimama humo bila buti.

Dalili huanza siku chache hadi wiki mbili hivi, wakati mwingine mwezi, baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, kichwa, misuli kuuma hasa ya mashavu ya miguu, macho kuwa mekundu. Ikizidi, macho huwa ya manjano, mkojo hupungua, au damu hutoka puani. Ni rahisi kuidhania malaria, na kwetu kila homa huitwa malaria. Kipimo cha malaria kikionyesha huna na homa inaendelea, mwambie mganga wazi: nilisafisha stoo yenye panya, au nilikuwa kwenye maji ya shamba. Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha matibabu, kwa sababu dawa zipo na hufanya kazi vizuri zikianza mapema.

Siku ya usafi

Usianze na ufagio. Kufagia kinyesi kikavu kunapandisha vumbi puani na machoni. Fungua mlango na madirisha kwa nusu saa, ukae nje. Vaa buti, glovu na barakoa, au funga kitambaa puani. Changanya kipimo kimoja cha jiki na vipimo tisa vya maji, mwagia kinyesi na viota, subiri dakika kumi, kisha kusanya kwa karatasi au matambara na uzike mbali na kisima. Usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi.

Sasa hamisha kila kitu, hata tangi la pikipiki. Panga viroba juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Pumba ziingie kwenye pipa lenye mfuniko. Tundu linalopitisha kidole gumba humtosha panya, na panya mdogo wa nyumbani hupita penye upana wa penseli. Jaza stiliwaya ya kusugulia masufuria, kisha saruji juu yake. Matambara pekee atayageuza kiota. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati. Halafu kila wiki sogeza vitu, hata kama hujaona kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayosahaulika.

Mitego, sumu na bundi

Mtego wa kubana utegwe ukutani, kichwa cha chambo kikielekea ukuta, maana panya hutembea akigusa ukuta kwa ndevu. Dagaa wa kuchoma hufaa. Tega mingi kwa usiku mmoja kuliko mmoja kwa wiki nzima.

Sumu zisizo na lebo, zile za kwenye vikaratasi zinazouzwa kwa kipaza sauti, usizilete nyumbani penye mtoto. Hujui kilichomo, na hospitalini pia hawatajua. Mtoto akila sumu, usipoteze muda na maziwa wala kumtapisha: mkimbize hospitali ukiwa na pakiti yenyewe. Na panya aliyekufa kwa sumu asiliwe na mtu, mbwa wala paka.

Asiliwe na bundi pia. Najua mnavyomchukia, na mawe mnayomrushia akilia kwenye mwembe. Lakini usiku huo huo anaolia, anakula panya, na vifaranga wake wakiwa kiotani huwinda zaidi. Mwacheni alie.