Dada, jicho lilipona, mbona linaniamsha alfajiri?

Barua ya leo imetoka Madogo, kwa mama wa mtoto anayenyonya. Mtoto alimkwaruza jicho kwa ukucha. Likawa jekundu, likatoa machozi siku mbili tatu, likatulia. Wiki kadhaa baadaye balaa likarudi kwa njia ya ajabu. Anaamka karibu na adhana ya alfajiri, akifungua macho tu, jicho lile lile linachoma hadi analia. Kufikia saa nne asubuhi haumwi tena. Mume anaona ni visingizio vya kutochemsha chai. Mavyaa anasema mwanamke kapigwa jicho. Naye ananiuliza: dada, nimwamini nani?

Mdogo wangu, kwanza pole. Huna visingizio, na mumeo msomee barua hii kwa sauti. Mavyaa usibishane naye; akikusomea dua, itikia amina. Ila asikutie kitu chochote jichoni, iwe asali, maziwa ya mama au maji ya majani. Wanja nao upumzishe kwa sasa.

Unavyonieleza, mambo haya yanafanana sana na ugonjwa ambao madaktari wa macho wanaujua tangu karne ya kumi na tisa: konea kuchubuka tena na tena pale pale ilipowahi kuumia. Ukucha wa mtoto ni miongoni mwa visababishi vyake vikubwa, pamoja na ukingo wa karatasi na tawi la mti.

Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho. Katikati kina unene wa kama nusu milimita, na juu yake pana ngozi laini ya tabaka tano hadi saba za seli. Ngozi hiyo ndiyo mwanao aliyoichuna. Ikichunika, seli za pembeni husogea na kuziba pengo, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu. Konea ina mishipa ya fahamu mingi mno, kwa hiyo pengo likizibwa unapata nafuu ya ghafla na kusema umepona. Kumbe kuziba ni kazi moja na kushika ni kazi nyingine, na hii ya pili huenda polepole sana.

Seli za chini kabisa zinatakiwa zijifunge kwenye utando mwembamba zilioulalia. Hujifunga kwa vifundo vidogo viitwavyo hemidesmosomi, na chini ya vifundo hivyo nyuzi fupi za kolajeni huzama ndani ya konea na kung'ang'ania. Wewe unayeishi kando ya Mto Tana umeona mche uliopandikizwa shambani maji ya mafuriko yakishapungua: majani mabichi, shina limesimama, lakini uuvute kidogo tu unatoka mzima kwa sababu mizizi haijashika. Mwaka 1968 mtafiti Khodadoust na wenzake walilipima jambo hili kwa sungura. Pale utando wa chini ulipobaki mzima, ngozi mpya ilishika baada ya siku chache. Pale utando ulipoondolewa pia, ilichukua wiki nyingi.

Sasa kwa nini alfajiri? Mchana unapepesa macho zaidi ya mara kumi kwa dakika, lakini kope huteleza juu ya machozi na ngozi inastahimili. Usiku machozi hupungua. Tena konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata hewani, na macho yakifungwa hewa hiyo hupungua, nayo huvimba kidogo kwa maji. Basi kope linaganda kwenye ngozi iliyolegea. Ukishtuka na kufumbua kwa nguvu, hulitelezeshi tena kope, unalibandua. Nguvu ya kubandua yote huangukia kwenye ukingo mmoja mwembamba, na ukingo ukiachia, kipande kizima hufuata. Pengo jipya linazibwa upya, mchana unapata nafuu, na vifundo vinaanza tena mwanzo. Ndiyo maana hujapona mpaka leo.

Kwa hiyo vuka daraja uende Garissa, hospitali ya rufaa ya kaunti, uulizie wanaotibu macho. Watakutia rangi ya machungwa jichoni na kumulika kwa mwanga wa bluu. Palipochubuka huonekana kijani. Waombe wakupime sukari pia, maana kisukari hudhoofisha huko kushikamana. Waambie kuwa unanyonyesha kabla hawajakuandikia dawa.

Wakithibitisha kuwa ni huko kuchubuka kwa konea tena na tena, tiba ya kwanza ni rahisi: mafuta ya kulainisha jicho, yale ya tyubu, kila usiku kabla ya kulala. Yatumie miezi miwili au mitatu, hata kama huumwi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wiki ya pili wakiona raha, tyubu inatupwa kabatini. Feni igeuze isikupige usoni. Ukiamka, usifumbue macho papo hapo. Yazungushe taratibu chini ya kope, dondoshea matone ya machozi ya dukani kwenye kona ya ndani, subiri kidogo, kisha fumbua polepole. Mtoto akilia muda huo, baba yake yupo.

Daktari anaweza kukupa matone ya chumvi ya asilimia 5 ya kuvuta maji yaliyozidi kwenye konea. Jamani, hayo hutengenezwa kiwandani. Usikoroge chumvi ya jikoni. Mafuta yakishindwa, kuna lenzi laini ya kufunika kidonda, na kuna hata kutobolewa vitundu vidogo kwa sindano pembeni mwa katikati ya konea, ili vikovu vyake vishikilie ngozi. Inatisha kusikia, lakini ni tiba ya kweli.

Usikubali matone ya steroidi bila daktari wa macho kukuangalia, wala usiombe ile dawa ya ganzi uende nayo nyumbani. Ganzi inatuliza dakika chache na kuzuia jicho kupona.

Na ninyi wengine mnaokata miti ya mathenge kwa kuni au makaa, au mnaochunga mbuzi vichakani humo, barua hii isiwadanganye. Mkwaruzo wa mwiba au tawi ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu mmea unaweza kuingiza kuvu ndani ya konea, na kuvu hula hadi kutoboa. Jicho likizidi kuuma kila siku, likaogopa mwanga, au ukaona doa jeupe kwenye kioo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Matone ya steroidi kwenye kuvu ni kuilisha. Kule kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti wa Mbarara wamewaona wengi wakipoteza uwezo wa kuona kwa sababu walichelewa wakijaribu dawa za kienyeji kwanza.

Mdogo wangu, wewe nenda Garissa wiki hii kabla mvua haijaanza. Unakumbuka Aprili 2024 maji yalivyotukatia barabara. Ukitoka huko niandikie walichokuambia. Na kucha za huyo kijana zikate leo, akiwa amelala.