Mchumba Wako Akiwa Mshindani Wako wa Biashara

Wengi wetu tulio wazazi leo tunazikumbuka riwaya ndogo za mapenzi za Mills & Boon. Ziliuzwa kuukuu kando ya barabara jijini Nairobi, na wanafunzi wa sekondari walizisoma wakizificha chini ya dawati. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908, na mwaka 1971 ikanunuliwa na kampuni ya Harlequin ya Kanada. Riwaya zake zingali zinachapishwa, nyingi zikiwa na kurasa zipatazo 200, na vijana wetu wangali wanazisoma.

Kisa kimoja kinachopendwa sana humo ni cha washindani wa biashara wanaopendana. Mwanamume ana kampuni kubwa. Mwanamke ana duka dogo au hoteli ndogo aliyoachiwa na wazazi wake. Mwanamume anaitaka. Wanagombana, huku mioyo inavutana. Siri inafichuka, wanaachana, na katika kurasa chache za mwisho mwanamume anaomba msamaha na kuposa. Hapo kitabu kinakwisha.

Kisa hiki kina ukweli ndani yake. Mshindani wako anaijua kazi yako kuliko wengi, kwa maana yeye pia huamka alfajiri kwenda kufungua. Heshima ya namna hiyo ni msingi mzuri wa ndoa. Lakini kuna maswali mawili ambayo kitabu huyapita mbio, na wachumba hawawezi kuyapita.

1. Nani alijua, na alijua lini?

Mfano mzuri ni filamu ya Marekani iitwayo You've Got Mail, ya mwaka 1998. Mwanamke ana duka dogo la vitabu vya watoto jijini New York, aliloachiwa na mama yake. Mwanamume ni wa jamaa yenye maduka makubwa ya vitabu. Wanaandikiana barua kwa kompyuta bila kujuana majina. Mwanamume ndiye anayegundua kwanza kwamba rafiki yake wa barua ni yule mshindani wake, naye ananyamaza kwa muda mrefu. Mwishoni mwanamke anamsamehe.

Katika filamu jambo hilo hupendeza. Nyumbani ni jeraha. Mchumba anayeona bei zako za jumla na daftari lako la madeni, kisha akayatumia dukani kwake bila kukuambia, amekufundisha kumficha. Na ukianza kumficha habari za biashara, kesho utamficha za mshahara, za mkopo na za chama.

2. Ni duka la nani lililofungwa?

Katika filamu hiyo duka la mwanamke linafungwa, kwa kushindwa na duka kubwa la huyo huyo anayempenda. Tulete jambo hili kwetu. Tuseme kijana anauza vifaa vya ujenzi sokoni, na mchumba wake anauza vivyo hivyo ng'ambo ya barabara. Baada ya harusi jamaa wanasema, "Maduka mawili ya nini katika nyumba moja?" Mara nyingi linalofungwa ni la mke, wala hakuna aliyemwuliza. Kumbe duka lile ndilo lililolipa karo ya wadogo zake na dawa za mama yake. Sasa kila shilingi ya mama yake lazima aiombe. Huenda asiseme neno, lakini manung'uniko yatakaa mezani kila jioni.

Huenda kuunganisha maduka kukawa jambo la busara. Watanunua mzigo kwa pamoja na kupunguza kodi ya nyumba. Lakini liamuliwe na wote wawili.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ya Kenya yafaa ijulikane na wachumba:

- Wanaotaka kuoana wanaweza kufanya mapatano juu ya mali yao kabla ya ndoa.
- Ndoa haimnyang'anyi mtu mali yake isiyo mali ya ndoa.
- Mke au mume akichangia kuiendeleza mali ya mwenzake, anapata haki kwa kadiri ya mchango wake.
- Kusimamia biashara ya jamaa, kulea watoto na kazi za nyumbani vinahesabiwa kuwa mchango.

Basi anayefunga duka lake na kuhamia la mwenzake asidhani amekuwa msaidizi tu asiye na fungu.

Kabla ya kutangaza harusi

Ketini pamoja mchana, si usiku wa mahaba. Kila mmoja alete daftari lake, pamoja na madeni yote. Amueni maduka yatabaki mawili au yatakuwa moja, leseni itakuwa kwa jina la nani, na wazazi wa kila upande watasaidiwa kutoka wapi. Andikeni mliyopatana.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, kuna jambo la biashara yangu ambalo mchumba wangu angelisikia kwa mtu mwingine?
2. Nikifunga duka langu, ni nani wengine watakaoumia?
3. Wewe unayemwomba mwenzako afunge lake, je, ungekubali kufunga lako?

Asiyeweza kulijibu swali la tatu asitangaze harusi bado.