Drogba alipiga magoti

Oktoba 2005 Kodivaa ilikuwa imegawanyika: waasi kaskazini, serikali kusini. Timu ya taifa, yenye watoto wa pande zote mbili, ilipofuzu Kombe la Dunia, Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakiomba silaha ziwekwe chini. Juni 2007 wakacheza na Madagaska kulekule Bouaké, ngome ya waasi, wakashinda 5-0. Mimi hilo la Bouaké nalipenda kuliko magoti, maana walikwenda.

Ila tusidanganyane: baada ya uchaguzi wa 2010 damu ilimwagika tena. Mpira uliwakutanisha, kusameheana ni kazi nyingine. Soma Mathayo 5:23-24 kabla hamjacheza na kigango jirani. Yule msiyesalimiana naye, mpasie mpira, halafu mkimaliza mfuate mzungumze.