Mshahara wa Kwanza Niliununulia Mahindi

Dalali aliapa kuwa mahindi ni makavu. Alichota punje juu ya gunia, akaitupa mdomoni, ikalia ka! kwenye meno. "Mwalimu, umesikia mwenyewe," akasema. Nikamwomba bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje za ndani. Akajibu kwamba bambo lake limeazimwa. Kijana wa gunia la jirani akaleta la kwake, nikalichoma gunia karibu na kitako, zikatoka punje zilizofifia rangi na zenye ubaridi mkononi. Nikazitia kwenye chupa ya jemu niliyotoka nayo nyumbani, nikaongeza chumvi, nikafunga, nikatikisa, nikaiweka kwenye ngazi ya duka tukasubiri. Robo saa baadaye chumvi ilikuwa imenata kwenye kioo pande zote, nyeupe, kila mtu anaiona. Gunia lilikuwa na makavu juu na mabichi chini.

Sikununua. Wanunuzi wengine wakaomba bambo lipite kwenye magunia yao pia. Nilifurahi siku ile kuliko siku nilipoona jina langu kwenye orodha ya ajira.

Nalisimulia hili kwa sababu msimu wa mavuno umefika tena, kuna walimu wapya wanaripoti vituoni, na wengi wananiuliza swali moja: umekaa mtaani miaka, leo mshahara wa kwanza umeingia, uuanzie wapi? Mimi nilikaa Mbeya na shahada yangu ya ualimu muda mrefu. Nilijitolea kwenye shule moja ya kata, nikafundisha tuisheni jioni, nikapakia viazi Uyole. Kisha nikapangiwa Kilolo, mkoani Iringa. Nitaeleza hatua nilizofuata, ingawa yenye uzito ni moja.

Hatua ya kwanza ni kujua fedha yako ni kiasi gani kweli, kabla hujamwahidi mtu yeyote. Tuchukue mshahara wa msingi wa 700,000 kwa sababu ni rahisi kuuhesabu. Mkopo wa elimu ya juu unakatwa asilimia 15, yaani 105,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, 35,000. Bima ya afya asilimia 3, 21,000. Chama cha walimu asilimia 2, 14,000. Kodi inapigwa baada ya kutoa mchango wa pensheni: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na kipande kilichobaki asilimia 20, jumla 49,000. Mkononi unabaki na 476,000. Na hapo tushukuru kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu ya juu ilifutwa mwaka 2021. Ukiwaambia nyumbani "napokea laki saba", umewaahidi fedha ambayo hutaiona. Waambie ya mkononi.

Hatua ya pili ni kuwakwepa wakopeshaji, na hapa nina kinyongo ambacho sitakificha. Mtumishi mpya hajapata hata kitanda, tayari kuna watu wamemfuata na fomu. Wanajua kwamba baada ya makato yote lazima abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo wanapiga hesabu hadi kwenye ukingo wa theluthi hiyo hiyo, wasiache hata mia ya juu. Mmoja alinifuata hadi ofisi ya walimu, akanieleza kwamba mtu aliyesota kama mimi "anastahili" sofa na televisheni ya inchi kubwa, nitalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Nilimwambia nimekalia ndoo kwa miaka, naweza kuikalia miezi mingine sita. Wa kwenye simu ndio wabaya zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na nilijua majina ya baadhi yake kwa sababu nilipokuwa sina kazi ndugu zangu walikuwa wanapigiwa na kutukanwa kwa deni la mtu mwingine. Mikopo ya namna hiyo watu wanaiita kausha damu, na ndilo jina lake halisi.

Madeni: mlipe kwanza yule aliyekukopesha chakula. Ya mwenye duka na ya mama ntilie yaishe yote kwa mshahara wa kwanza, uende mwenyewe, usitume kwa simu. Ya ndugu panga nao tarehe. Hili halihitaji maelezo marefu.

Sasa nije kwenye ile hatua yenye uzito.

Asiye na kazi hununua kila kitu kwa bei ya juu kuliko mwenye kazi. Wengi waliokaa mtaani wanalijua hili, ila wakipata mshahara wanalisahau. Unga unanunua nusu kilo. Mafuta ya kula unapimiwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mkaa unanunua kwa kopo, umeme wa buku. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake, na ukijumlisha vipimo vya mwezi mzima umelipa gunia ambalo hukulipata. Huna ujinga wowote hapo, huna fedha tu ya kulipa kwa mkupuo. Kwa hiyo siku fedha ya mkupuo inapokuja, tena mwezi wa saba au wa nane wakati Nyanda za Juu Kusini zote zinavuna, kazi yake ya kwanza ni kukutoa kwenye vipimo vidogo. Mwezi wa pili, mahindi ya zamani yanapoisha na mapya yako bado shambani mabichi, bei inapanda na wote mnakutana dukani. Nilikuwa na mshahara pamoja na malimbikizo yake. Niliamua kwamba chakula cha mwaka kinaingia ndani kwanza, halafu mengine yote yazungumzwe nikiwa nimeshiba.

Wenzangu wawili walinicheka. Walinunua simu mpya Iringa mjini, Miyomboni, na mmoja wao mwezi wa pili alikuja kuniazima debe. Nilimpa. Hakuna ubaya kununua simu, ila simu haipandi bei ukiiweka, na mahindi yanapanda.

Shida ni kwamba mahindi yanaoza. Kilolo ya juu, kule Dabaga na Kidabaga, ni baridi na ukungu, na mahindi yanachelewa kukauka hata yakiachwa shambani. Mvunaji mwenye haraka ya fedha anapukuchua mapema, dalali anachanganya, na mgeni anajaza ndani kitu kitakachochemka gunia zima. Hasara ya fedha ni nusu ya hatari. Mahindi yenye unyevu yanaota ukungu unaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, na kukoboa kunaipunguza tu, hakuimalizi.

Kutafuna punje hakutoshi. Kunakwambia habari ya punje ile, tena ile aliyoichagua muuzaji. Njia ya chumvi nilifundishwa na bwana shamba mmoja mstaafu pale Uyole nilipokuwa napakia viazi, na hii ndiyo naomba uishike hata ukisahau mengine yote. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Ioshe, ianike juani ikauke kabisa. Chumvi nayo ikaushe, kwa sababu chumvi ya huku imekwisha kunywa hewa ya baridi. Iweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, uigeuze mpaka itiririke yenyewe, iache ipoe, uifunge vizuri. Ukiruka hapo, chumvi yenyewe itanata kwenye kioo na utamsingizia muuzaji mwaminifu. Ukifika sokoni, toa mahindi kwa bambo sehemu tatu za gunia: juu, katikati, kitako. Changanya, jaza kama theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, usiweke ndani. Isiponata, umeshuka chini ya hapo. Mimi hata isiponata nayaanika tena kwenye turubai siku mbili za jua kali, kwa sababu mahindi ya kufungiwa mwaka mzima yanataka asilimia 13 hivi, na chupa haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Dalali atakasirika. Mwache. Anayekataa bambo amekwisha kukujibu.

Niliponunua hatimaye ilikuwa upande wa Isimani, barabara ya kwenda Dodoma, tarafa iliyojulikana kwa mashamba makubwa ya mahindi katika miaka ya 1960. Kule chini ni kukavu na mahindi yanakaukia shambani. Kwenye nyumba moja ya pembeni nilimkuta mama mtu mzima ameanika kwenye turubai. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, kisha akanipa kamwene ya Kihehe nami nikaiitikia, tukakaa. Alinitazama nikitikisa chupa bila kuuliza kitu. Chumvi ilipobaki inacheza chini, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu, mimi haya nayala." Alipima kwa debe, akapitisha fimbo juu yake likawa sawa, hakuna lumbesa wala nundu, halafu kila debe akaongeza konzi mbili kwa mkono wake. Nauli ya kuyapandisha Kilolo ilinigharimu, na hata hivyo nilitoka na faida kubwa. Nimemrudia kila msimu.

Kuhifadhi: usitie dawa kama unaweza kupata mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS au mingine ya aina hiyo. Ilianzia Kameruni kwenye kunde, mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni ngumu, nje mmoja wa kufumwa. Ukiufunga vizuri, wadudu walioingia na mahindi wanaimaliza hewa wenyewe, wanaacha kula na kufa, hata dumuzi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita Scania, aliyeanza kutusumbua kutokea Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ila kuna wauzaji wa pembejeo wanaouza mifuko yenye nailoni moja nyepesi kwa bei ya tatu. Ufungue dukani, uhesabu tabaka mbele yake, kisha uvimbishe kila mfuko wa nailoni kwa hewa na uubane: ukisikia upepo unatoka, mrudishie. Ukijaza, toa hewa yote, sokota mdomo wa kila mfuko peke yake na ufunge kwa kamba. Usiufungue kila wiki kuchota. Fungua mmoja, ule uishe, ndipo uende wa pili. Kwetu gunia moja la kilo mia linamfikisha mtu mzima msimu hadi msimu, kwa sababu tunakula na wali na viazi.

Kanisani nilitoa malimbuko kwa debe. Najua wapo wanaofundisha kwamba mshahara wote wa kwanza uende madhabahuni, na sibishani na imani ya mtu, lakini mimi nilipeleka madebe mawili ya mahindi yale yale ninayokula. Baada ya ibada yakanadiwa pamoja na mengine, kama ilivyo desturi kwenye makanisa mengi ya huku, na mwinjilisti alinishukuru kwa moyo.

Nilisema hatua, na ya akiba sijaifikia. Kwa kifupi: kilichobaki baada ya chakula na madeni niliweka kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT, kwa sababu fedha inachukua siku chache za kazi kutoka, na siku hizo chache zinaniokoa na maamuzi ya usiku. SACCOS ya walimu nilijiunga baadaye.

Mama yangu yuko Mbeya, na yeye hakutaka mahindi. Alitaka mchele. Wengi wanamtumia mama fedha ya mchele kwa simu, naye anaishia kununua kilo moja moja Mwanjelwa, na ndio vipimo vidogo vimerudi kwa mlango mwingine. Nilipokwenda likizo nilishuka Igurusi, kwenye mpunga wa Usangu, kabla ya kufika Uyole. Mchele wa Kyela una harufu nzuri na kwenye sherehe ndio wenyewe, lakini kwa chakula cha kila siku wa Usangu unanitosha. Usinunue mchele uliokwisha kukobolewa na kupangwa kwenye magunia barabarani, maana humo unaweza kukuta wa mwaka juzi umechanganywa na wa leo. Nunua mpunga, upeleke mashineni mwenyewe, usimame hapo mpaka gunia la mwisho lishuke. Chenga ni zako, na pumba pia ni zako. Mwambie mwenye mashine kabla hajawasha, kwa sababu akishamaliza atasema pumba ni za kiwanda. Mama anafuga kuku, na zile pumba zilimfikisha mwezi wa kumi na moja.