SOMO LA TAWI: MAJI YANAPOTEA NJIANI, NANI ANALIPA?



Mwezi huu tunasoma habari ya maji. Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi na mabomba, wapi na wapi? Tunajibu hivi. Mama anayeamka saa tisa za usiku kutafuta jerikani mbili za maji hapa Gikondo, saa moja asubuhi anatakiwa awe mbele ya mashine. Akichelewa, anakatwa mshahara. Akisinzia, mashine inamkata kidole. Kwa hiyo shida ya maji ni shida ya mshahara na ya usalama wa kazi. Wenzetu wa mashamba ya chai nao wasome, maana bomba linalokwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba linavuja kama la mjini.

1. Maji ya Kigali yanatoka wapi?

Yanatoka chini, nasi tunakaa juu. Huo ndio mwanzo wa shida. Mtambo wa Nzove uko kando ya bonde la Nyabarongo. Mtambo wa Kimisagara unatumia maji ya mto Yanze. Ule wa Karenge, Rwamagana, unavuta kutoka ziwa Mugesera. Mwaka 2021 ukafunguliwa mtambo wa Kanzenze, Bugesera, wenye uwezo wa kutoa meta za ujazo 40,000 kwa siku. Kati ya hizo, 30,000 ni za Kigali na 10,000 ni za Bugesera.

Meta moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji.

Maji hayo lazima yasukumwe kwa pampu yapande vilima mpaka kwenye matangi, ndipo yateremke kwenye nyumba na viwanda. Pampu inakula umeme. Mvua zikinyesha sana, mito inajaa udongo, na kusafisha maji kunachukua muda na dawa nyingi zaidi. Kwa hiyo kila jerikani inayofika tangini imekwisha gharimu fedha na jasho la wafanyakazi wenzetu wa shirika la maji.

2. Yanapotea namna gani?

Zamani tulikuwa na Electrogaz, kisha EWSA. Mwaka 2014 EWSA ikagawanywa na maji yakapewa WASAC. Majina yamebadilika, lakini hasara imebaki. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimetaja mara kwa mara kwamba karibu mbili ya tano ya maji yanayotengenezwa hayaleti malipo. Maana yake, katika jerikani 10 zinazotoka mtamboni, kama 4 hazihesabiwi kwa mtu yeyote.

Lakini tusidhani zote zimemwagika. Hasara ni ya namna tatu.

Kwanza, maji yanayovuja kweli: bomba limeoza, kiungo kimelegea, tangi linafurika.

Pili, maji yanayotumiwa lakini hayahesabiwi. Mita, ile tunayoita konteri, ikizeeka huzunguka polepole kuliko maji yanayopita. Na wapo wanaojiunganishia bomba kwa siri. Hapa tuseme ukweli: wengine ni matajiri, wengine ni majirani zetu. Aliyeiba maji hakumwibia mkurugenzi. Amemwibia mama wa kilimani ambaye robine yake imekauka.

Tatu, maji yanayotolewa kwa ruhusa bila malipo, kama ya kuzima moto na ya kuosha mabomba. Hayo ni machache.

Sasa fanyeni hesabu. Mtambo wa meta za ujazo 40,000 ukipoteza mbili ya tano, zinapotea meta 16,000 kila siku. Zidisha kwa 50: jerikani 800,000. Ndiyo sababu tunasema kujenga mitambo mipya bila kuziba mabomba ni kumimina maji kwenye kikapu. Mitambo inatakiwa, maana mji unakua. Lakini wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. Kwa nini bondeni bomba linapasuka na kilimani ni kukavu?

Kila meta 10 za kuteremka, maji yanaongeza msukumo wa bari moja hivi. Tangi likiwa juu meta 100 kutoka bondeni, bomba la bondeni linabeba bari 10. Nyumba inatosheka na bari 2 au 3. Basi mabomba ya bondeni yanateswa mchana na usiku. Usiku ni zaidi, kwa sababu watu wamelala, robine zimefungwa, na msukumo wote unatafuta ufa wa kutokea.

Mgawo wa maji nao unaleta ubaya wake. Maji yakikatwa siku mbili, bomba linabaki tupu, na uchafu wa nje unaingia kwenye nyufa zilezile. Yakirudi, yanakuja kwa kishindo yakisukuma hewa mbele, na bomba bovu linapasuka. Kwa hiyo uhaba unaleta mgawo, mgawo unaleta kupasuka, na kupasuka kunaleta uhaba. Maji ya kwanza baada ya mgawo msiyanywe. Yaacheni yapite kwanza, mfulie au mwoshee sakafu, na ya kunywa yachemsheni.

4. Kisa cha kiwanda kimoja

Hatutataja jina. Ilikuwa kabla viwanda vya bonde la Gikondo havijahamishiwa eneo maalumu la Masoro na Ndera ili kinamasi kirudie hali yake.

Asubuhi moja tulikuta tangazo ukutani. Hesabu ya maji imepanda sana, kwa hiyo maji ya kunawa jioni yamefungwa. Tukawa tunarudi nyumbani na dawa za kazi mikononi, na watoto wanatupokea. Wiki ya pili mlinzi wa usiku akasimamishwa kazi. Alikuwa mzee, baba wa watoto sita. Wakubwa walisema anauza maji kwa watu wa mtaani kupitia ukuta wa nyuma.

Tukiri kosa letu. Wengi wetu tuliamini. Maji yalikuwa adimu mtaani, hata sisi tumewahi kulipa faranga 200 kwa jerikani moja, tukaona huenda mzee ameshawishika. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Fundi mmoja wa mashine ndiye aliyesema kwenye mkutano: "Mita haina uso wa kuona haya. Tuiulize yenyewe." Kamati ikaomba ruhusa. Jumapili, kiwanda kimefungwa, tukafunga kila robine mbele ya msimamizi. Saa kumi na mbili asubuhi tukaandika namba za mita, msimamizi akatia sahihi. Saa sita mchana tukasoma tena. Kiwanda kilikuwa kimelala, hakuna aliyechota hata kikombe, na mita ilikuwa imehesabu meta 3 za ujazo.

Meta 3 kwa saa sita ni meta 12 kwa siku. Ni jerikani 600. Mzee gani anaweza kurusha jerikani 600 juu ya ukuta?

Tukachimba pale malori yanapopita. Bomba la chuma lilikuwa limeliwa na kutu na kukandamizwa na magurudumu. Kwa nini hakuna aliyeona maji? Kwa sababu Gikondo bondeni ardhi ina unyevu mwaka mzima, na maji yalikuwa yakienda kimya kwenye mtaro mpaka kijitoni.

Mzee alirudishwa kazini, na maji ya kunawa yakafunguliwa. Mshahara wa siku alizosimamishwa hakulipwa wote, na jambo hilo linatuuma mpaka leo. Alipotusalimu siku ya kwanza, alisema neno moja tu: "Mngekuja mapema." Hatukuwa na la kumjibu.

5. Namna ya kupima mwenyewe

Kipimo kile kinafaa kiwandani, shambani na nyumbani:

(a) Fungeni robine zote. Hakikisheni tangi la choo limejaa.
(b) Andikeni namba za mita, pamoja na saa. Wawepo watu wawili, mmoja wa kila upande.
(c) Ngojeni saa moja au zaidi bila mtu kuchota.
(d) Someni tena. Namba zikisogea, kuna maji yanayovuja kati ya mita na robine.
(e) Andikeni barua, wekeni nakala. Neno la mdomo linasahauliwa.

Tusidharau ufa mdogo. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, yaani jerikani 72. Familia inayotumia jerikani 5 kwa siku: maji hayo yangetosha familia 14. Bomba la barabarani likivuja, tupeleke habari kwa shirika la maji na kwa viongozi wa mtaa siku hiyohiyo.

6. Tudai nini?

Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri kuhakikisha afya, usalama na hali njema ya wafanyakazi mahali pa kazi. Na tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Basi katika mapatano yetu tuombe: maji ya kunywa na ya kunawa yasifungwe kama adhabu, tangi la akiba kwa siku za mgawo, mita ipimwe kila mwezi mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, na asisimamishwe mtu kwa hasara ya maji kabla ya kipimo.

Kwa serikali na shirika la maji tuseme hivi: pamoja na mitambo, nunueni mabomba na mita, punguzeni msukumo wa bondeni, ajirini mafundi wa kutosha. Fundi mmoja hawezi kuziba mji mzima.

Maswali ya mkutano wa tawi

1. Mita ya mahali pako pa kazi iko wapi? Nani anaisoma?
2. Wewe na familia yako mnatumia saa ngapi kwa wiki kutafuta maji? Ukizilipa kwa mshahara wako wa saa, ni faranga ngapi?
3. Mwenzetu akishitakiwa kesho, nani atakwenda kumwuliza kwanza?

Leteni majibu kwenye mkutano ujao, yakiwa yameandikwa.