Khofu Ibakiayo Baada ya Zilizala

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa zilizala ina mapigo mawili: la kwanza hubomoa nyumba, na la pili hukaa katika nafsi za waliosalimika. Lile la kwanza huhesabiwa. Hili la pili watu hulinyamazia, na sisi wanaume kuliko wote.

Tazameni yaliyowafika ndugu zetu wa Uturuki na Sham ya kaskazini. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10 na dakika 17 za alfajiri, watu wamelala, lilikuja tetemeko la kipimo cha 7.8. Baada ya saa 9 hivi likaja la 7.5, na tarehe 20 jingine la 6.4 katika jimbo la Hatay. Katika Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 53,000. Wengi waliosalia walilala katika mahema na magari, hata baadhi ya wale ambao nyumba zao hazikuanguka. Je, hawa ni waoga? Hasha! Mwili uliokwisha kufunzwa na nchi yenyewe ya kwamba dari huua, hautulizwi kwa maneno matupu. Na kila mtikisiko mdogo huufunza tena.

Basi mtu huyo hushtuka mlango ukibishwa, hukosa usingizi, huyaona yale yale macho yakiwa wazi. Wako wasemao kuwa hiyo ni imani haba, au kuwa waliokufa walizidi wengine kwa dhambi. Maneno haya ni jeraha juu ya jeraha. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na jua lilipopatwa siku ile, aliwakatalia watu waliosema kuwa limepatwa kwa ajili ya mauti yake. Na afaye kwa kuangukiwa na jengo amehesabiwa katika mashahidi.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, alitunga kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, akataja humo ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye kutibiwa.

Ama aliyepatwa, mpe maji, chakula na mahali pa amani, mtafutie habari za jamaa zake, kaa naye. Usimlazimishe kuhadithia yaliyompata, kwani matabibu wa leo hawaioni njia hiyo kuwa njema. Akisema mwenyewe, msikilize. Wengi hupata nafuu kwa siku kupita. Lakini mwezi ukiisha na hali haijampungua, au akitaja kutaka kufa, hata ikiwa ni siku ya kwanza, apelekwe kwa tabibu wa maradhi ya nafsi, na jamaa yake mmoja afuatane naye.